Kumalizwa ukiwa chini hujitambui: haki au uonevu? Wachezaji wa D&D (mchezo wa mezani wa hadithi na dadu) Arusha na Moshi tupeane uzoefu

Chalii_wa_Sakina
Wakuu, jana mezani kwetu tumeachana tumenuniana. Kuhani anayechezwa na mwenzetu uhai umefika sifuri, kaanguka, na fisi wa mwendesha mchezo (anayesimulia na kuwachezesha maadui) akaendelea kumtafuna palepale mpaka akafa. Mwendesha anasema kanuni za toleo la 5 zinaruhusu. Mimi naona tumeonewa. Yamewahi kuwakuta?

Binti_Pasua
Umenitonesha kidonda. Nilikuwa na mpiganaji wangu, Manka, ngazi ya 4, uhai 40. Miezi minane nimemlea, kila Jumamosi, Moshi hapa. Ramani tunachora kwenye manila, kila mraba futi 5, na wahusika ni vizibo vya soda. Cha Manka nilikipaka rangi ya kucha, nyekundu.

Siku hiyo umeme umekatika, tunacheza kwa tochi ya simu. Mchawi wa adui akanigandisha. Mnajua ukigandishwa, kila anayekupata akiwa mraba wa jirani, pigo lake linahesabiwa la nguvu, dadu za madhara zinarushwa mara mbili. Nilikuwa nimebakiwa na uhai 22. Walinzi wawili wakanimaliza, nikaanguka. Nikasema sawa, kuhani wetu zamu yake inakuja mara tu baada yangu, ananiinua kwa neno moja.

Mlinzi wa tatu akaja, akachoma mwili chini. Ukiwa sifuri, kila zamu yako unarusha dadu ya pande 20 kupigania roho, ukishindwa mara tatu umekufa. Kwa aliye chini hajitambui, hilo ni pigo la nguvu tena, yaani nimeshindwa mara mbili kati ya tatu kwa mkupuo. Zamu yangu ikafika, nahitaji 10 au zaidi tu. Dadu ikazunguka, ikagonga kikombe cha chai, ikasimama kwenye 9.

Meza nzima kimya. Nilichukua kizibo changu nikatembea mpaka nyumbani, boda sikupanda.

Kahawa_Chungu
Pole sana dada. Hiyo 9 inauma.

Mwendesha_Njiro
Pole dada, ila na sisi tunaoendesha tusikilizwe. Kuhani yuko futi 60, anatamka neno, mtu anainuka na uhai 5, anapiga, anaanguka, anainuliwa tena. Adui mwenye akili akiliona hilo mara mbili, kwa nini asimmalize aliye chini?

Chalii_wa_Sakina
Mwenye akili, sawa. Fisi ana akili gani ya kuhesabu zamu?

Mwendesha_Njiro
Fisi ana njaa.

Laigwanan_Mdogo
Nimekulia Monduli, fisi nawajua. Fisi hakai kula katikati ya watu wenye mapanga. Anang'ata, anaburuta, anakimbia nayo. Mwendesha angemburuta yule kuhani kuelekea kichakani, nyie mkimbize. Hatari ni ileile ila mnapata la kufanya.

Mwendesha_Njiro
Hilo la kuburuta nalichukua. Zuri sana.

Mzee_wa_Dadu
Vijana mnadekezwa. Mchezo ulipotoka 1974, wa Gygax na Arneson, ukifika sifuri umekufa. Hakuna dadu ya kupigania roho.

Chalii_wa_Sakina
Mzee, shikamoo, lakini sisi hatuchezi la 1974. Hapa tunauliza haki.

Mzee_wa_Dadu
Marahaba. Haki ni dadu kurushwa mezani wote mnaona, si nyuma ya kitabu. Mengine ni vita.

Kahawa_Chungu
Tembeeni na almasi yenye thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Kwa hiyo almasi, kuhani wa ngazi ya 5 anamfufua mtu ambaye hajapitisha dakika moja tangu afe.

Binti_Pasua
Tulikuwa ngazi ya 4, kaka.

Laigwanan_Mdogo
Mwenzenu akianguka, mmoja asimame juu yake, wengine wabane njia. Acheni kila mtu kukimbilia kumpiga bosi.

Mwendesha_Njiro
Au msianguke kabisa 😂

Chalii_wa_Sakina
Dada wa Pasua, ulirudi kucheza?

Binti_Pasua
Baada ya wiki tatu. Mwendesha wetu aliniambia yule mlinzi wa tatu alikuwa mdogo wake yule niliyemuua getini. Nilimjibu: ungelisema hilo kabla hujarusha dadu, umfanye alitaje jina la kaka yake, ningekufa bila kinyongo. Akanyamaza, akaniomba radhi mbele ya wote.

Sasa hivi nacheza kuhani. Kizibo ni kilekile chekundu.