Draiva mpya: bado tuhangaike na mashine za kubwa-kwanza?

Mleta mada
Wakuu, naongelea draiva za Linux, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuendesha kifaa. Naomba tulichambue hili bila kurushiana maneno. Namba ya biti 32 kama 0x12345678 inakaa kwenye kumbukumbu kwa namna mbili: 78 56 34 12 (tuiite ndogo-kwanza, little-endian) au 12 34 56 78 (kubwa-kwanza, big-endian). Leo karibu kila prosesa tunayoigusa ni ya aina ya kwanza. x86 iko hivyo tangu ilipozaliwa, ARM hutumika hivyo, RISC-V vilevile, na hata POWER kwa upande wa Linux imeshahamia huko. Upande wa pili kuna s390x, prosesa ya mashine kubwa za IBM, na masalia ya MIPS na PowerPC. Mwaka 2025 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipinga waziwazi wazo la kuleta RISC-V ya kubwa-kwanza kwenye kerneli (kiini cha Linux). Mwenye nyumba mwenyewe hataki mpangaji mpya, sasa mimi kwa nini nijaze `le32_to_cpu` (ya kugeuza namba ya ndogo-kwanza iwe ya prosesa) kila mstari? Msimamo wangu: draiva mpya iandike `depends on !CPU_BIG_ENDIAN`, yaani isijengwe kabisa kwa mashine za kubwa-kwanza, tuendelee na kazi.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, umechanganya vitu viwili. Mpangilio wa prosesa ni wako. Mpangilio wa kifaa uliamuliwa na aliyekitengeneza, na hukwepi hata mashine zote duniani zikifanana. PCI, USB na NVMe ni ndogo-kwanza, kwa hiyo kwenye x86 unaponea bure. Ukigusa SCSI (lugha ya amri za diski), bure imeisha. Amri yake ya kusoma, READ(10), inaweka anwani ya bloku kwenye baiti ya 2 hadi ya 5, kubwa mbele. Wewe unataka bloku namba 1, unanakili namba yako ya biti 32 kama ilivyo, diski inapokea 01 00 00 00 na kwenda bloku namba 16,777,216. Kwa bloku za baiti 512, umekosea kwa zaidi ya GB 8. Ikiwa ilikuwa amri ya kuandika, pole kwa mwenye data. Mashine hiyo ni x86 ya kawaida kabisa. Sharti lako la `depends on` halijasaidia kitu.

Na hilo faili la mti wa vifaa (device tree, orodha ya vifaa vya mashine) ambalo kerneli ya ARM husoma inapowaka? Namba zake ni kubwa-kwanza.

Mchangiaji wa pili
Mimi niko na mleta mada, ila kwa sababu nyingine: majaribio. Nani hapa ana s390x ya kujaribia draiva yake? Msimbo wa kugeuza baiti ambao haujawahi kukimbia kwenye mashine inayogeuza ni mapambo. Mfano ninaoukuta mara kwa mara: mtu anaandika `le32_to_cpu(readl(anwani))`, anaona amefanya kazi safi. Wakati `readl`, ya kusoma rejista ya kifaa, yenyewe tayari inachukulia rejista ni ndogo-kwanza na inageuza inapobidi. Kwenye x86 zote mbili hazifanyi lolote, draiva inapita. Kwenye kubwa-kwanza inageuza mara mbili, unarudi kwenye takataka. Bora useme mapema kwamba huungi mkono kuliko kuahidi kitu usichokijua.

Mchangiaji wa tatu
Huo mfano wako ndio unaokuangusha. Kikaguzi cha sparse, ambacho Torvalds alianza kukiandika 2003, kinaupigia kelele bila kuhitaji mashine yoyote. Tangaza sehemu za muundo kuwa `__le32` au `__be32` badala ya `u32`, endesha `make C=1`, kila palipochanganywa patatajwa. Ugeuzaji wa `__le32` kwenye x86 unatoweka wakati wa kukompaili, haugharimu hata agizo moja la prosesa. Sioni mnabana matumizi ya nini.

Ila niseme ukweli, kuna mahali sparse ni kipofu: FIFO, yaani foleni ya data ndani ya kifaa. Kama rejista moja inamwaga mkondo wa baiti, mfano pakiti ya mtandao, ukizunguka na `readl` na kuhifadhi kwenye safu ya `u32`, kikaguzi kinaona `u32` kwa `u32`, kinanyamaza. Kwenye kubwa-kwanza kila baiti nne zitatoka kinyumenyume. Hapo ni `readsl` au `ioread32_rep`, ambazo hazigeuzi, kwa sababu mkondo hauna kubwa wala ndogo. Hili kosa hulioni kwa macho wala kwa kikaguzi. Lazima ujue kifaa kinatoa namba au kinatoa baiti.

Na kwa wanaosema "tutumie tu mpangilio wa prosesa iliyopo": virtio ya zamani (kanuni ya vifaa vya mashine pepe) ilifanya hivyo hasa, ikafuata mpangilio wa mashine pepe. Zilipokuja POWER na ARM zinazoweza kubadili upande, mwenyeji akawa lazima ajue kwanza mgeni wake yuko upande gani. Toleo la 1.0 likafunga mjadala: ndogo-kwanza kwa wote.

Mleta mada
Hoja ya SCSI nimeipokea, na aina za `__le32` nitaziweka, kama hazigharimu kitu sina ubishi. Ila `depends on` siiondoi. Draiva yangu ina FIFO mbili na sijawahi kuziona kwenye kubwa-kwanza.

Mchangiaji wa kwanza
Hapo sigombani na wewe. Ila kwenye maelezo ya kiraka (patch) andika "haijajaribiwa", usiandike "haiwezekani". Mwenye mashine akija ajue anaanzia kwenye zile FIFO, asipoteze muda kusoma draiva nzima.