Re: Benki ya chakula na duka la mitumba: kodi ya jengo hulipwa na nani?

Kutoka: Mgeni wa Leicester

Wadau wa Kisumu na Nakuru mlio ng'ambo, habari za jioni. Huu ni mwezi wangu wa tatu hapa Uingereza. Mshahara wa kwanza umekwama kwenye makaratasi, nauli ya basi imenimaliza, na kabatini nimebaki na kilo moja ya unga ninayoipima kwa kijiko kama dawa. Jirani ameniambia kuna benki ya chakula, mahali wenye shida hupewa chakula bure, karibu na kanisa, na mbele yake duka la nguo za mitumba. Vyote vinaendeshwa na watu wasiolipwa hata senti. Sasa kodi ya jengo hulipwa na nani? Nimepita nje mara mbili, nikarudi nyumbani. Viza yangu inasema siruhusiwi kutumia fedha za umma. Nikiingia pale si nitajiharibia? Na nikikutana na mtu wa kwetu kwenye foleni, nitamwambia nini?

Kutoka: Mama Kondele (nimesharudi Kisumu)

Pole, mwanangu. Nianze na viza ili upate usingizi. Fedha za umma ni zile posho na misaada ya nyumba iliyoorodheshwa kwenye kanuni za uhamiaji. Chakula cha shirika la hisani hakimo. Ingia.

Vituo vingine hutaka vocha. Vya Trussell, shirika lenye mtandao wa benki za chakula Uingereza, hukupokea ukiwa umeandikiwa na daktari wa mtaa, shule au ofisi ya ushauri, na unatoka na chakula cha angalau siku 3. Vingi vilivyo huru havihitaji vocha; utaulizwa jina na mko wangapi nyumbani, basi.

Sasa hiyo aibu. Mwaka 1967, mjini Phoenix, Marekani, kulikuwa na bwana mmoja, John van Hengel, aliyejitolea kwenye jiko la kulisha maskini. Alikutana na mama wa watoto 10 aliyekuwa akiokota chakula kwenye mapipa ya supamaketi. Inasimuliwa kwamba huyo mama ndiye aliyesema pangefaa kuwe na mahali kama benki: mwenye ziada aweke, mwenye upungufu atoe. Kwa hiyo jina lenyewe lilitoka mdomoni mwa aliyekuwa na njaa. Hata hao Trussell, walioanza 1997 wakitaka kusaidia watoto waliolala stesheni ya treni Bulgaria, walifungua benki yao ya kwanza Salisbury mwaka 2000 baada ya mama wa pale pale mjini kuwapigia simu kwamba watoto wake wanalala njaa. Walianzia kwenye kibanda cha bustani na gereji.

Mimi nilijitolea kwenye kituo kama hicho chako kwa miaka 6, kila Jumanne na Alhamisi. Nilianza nyuma, kwenye chakula, wakanihamishia mbele dukani kwa sababu eti nina jicho la nguo. Jicho hilo nililipata soko la mitumba la Kibuye, Kisumu, nikimbebea mamangu mizigo, lakini sikubishana nao.

Huko mbele ndiko nilikoelewa mambo. Chakula watu huleta bila kuombwa sana, hasa karibu na Krismasi. Hakuna anayeleta bili ya stima. Kodi ya jengo, friji, mafuta ya gari, vyote vililipwa na nguo. Wazo hilo ni la zamani: mhubiri Edgar Helms wa Boston alikuwa akikusanya nguo kuukuu mitaa ya matajiri tangu 1902, maskini wanazirekebisha kwa ujira, zinauzwa. Ndiyo Goodwill hiyo, yenye maduka ya mitumba Marekani. Uingereza nako halmashauri hulipunguzia duka la hisani asilimia 80 ya ushuru wa jengo la biashara, mradi liuze zaidi vitu vilivyotolewa bure. Bila hiyo tungefunga.

Kazi yenyewe ni kuchambua mifuko. Nzuri inapigwa mvuke, inatundikwa wiki chache. Isiponunuliwa inaingia guniani, lori linapita, inapimwa kwa kilo. Nilijua gunia linakoelekea siku niliyokuta koti Kibuye likiwa bado na kibandiko cha duka la hisani. Kilisema pauni 3. Mama muuzaji alitaka shilingi 700. Hatukuelewana.

Kutoka: Mzee wa Section 58 (Dallas)

Kijana, mimi nilipanga foleni ya mahindi ya manjano mwaka 1984. Mchana watu walisema ni chakula cha ng'ombe. Jioni kila sufuria mtaani ilikuwa ya njano. Nenda.

Mama Kondele umenipa wazo. Kwa nini tusijaze kontena la nguo, tufungue duka Nakuru au Kisumu, faida inunue unga? Mwanzoni mwa 2008, Show Ground ya Nakuru ilipojaa waliofukuzwa makwao na ghasia za uchaguzi, tulitafuta mahali pa kupeleka michango tukakosa pa kuanzia.

Kutoka: Mama Kondele

Mzee wetu, kwa heshima zote, kontena la nguo hapana.

Huku mitumba si kitu cha ziada, ni kazi ya watu. Mama anakopa kwenye chama cha kukopeshana, ananunua belo la nguo bila kuliona ndani, anaomba Mungu apate kamera, yaani nguo safi za daraja la kwanza, anapata fagia, yaani mabaki. Halafu sisi tufungue duka la nguo tulizopewa bure mbele yake? Mliona serikali ilipozuia mitumba kuingia nchini kwa sababu ya korona, Machi hadi Agosti 2020. Karo za watoto wangapi zilikwama.

Tukitaka kitu cha kulipa kodi ya jengo, tuangalie kinachokodishwa kila wiki Nyanza nzima: hema, viti na sufuria za matanga. Vikundi vya akina mama vinafanya hivyo tayari. Mtununulie viti 200 na hema mbili, sisi tutakodisha.

Na chakula kiwekwe kikiwa rahisi. Mahindi yakivunwa, karibu Agosti, kila mwanachama alete gorogoro zake, ile mikebe ya kupimia nafaka. Mwezi wa tano na wa sita, ghala za watu zikiwa tupu, ndipo tutoe. Ila yakaushwe kwanza. Yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 yanaota kuvu, na sumu ya kuvu hiyo haitoki kwa kupika. Kipimo cha unyevu ndicho mtutumie kutoka huko, si makoti.

Kutoka: Mzee wa Section 58 (Dallas)

Nimekubali. Kipimo nitanunua mimi. Hema mchange.

Kutoka: Mgeni wa Leicester

Nimeenda leo. Mtu wa kwetu nilimkuta kweli, lakini alikuwa upande wa ndani akipanga rafu, akaniuliza kama nitakuwa na nafasi Jumamosi. Nimepewa tambi, maziwa ya boksi, chai, na mikebe 6 ya maharagwe yaliyotiwa sukari. Jameni, haya maharagwe matamu mtu anayafanyaje?

Kutoka: Mama Kondele

Yaoshe kwenye chujio mpaka ule mchuzi wote uishe. Kaanga kitunguu kiwe chekundu, tia nyanya, chumvi, pilipili, kisha uyamwage ndani. Ugali usiusonge laini.