X-Men ikianzishwa upya, nani akabidhiwe kalamu?

MSOMAJI WA SINZA

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi iliyopita tulikaa watu sita barazani kwa rafiki yetu Kijitonyama, tangu alasiri hadi adhana ya isha, na tulichobishania ni jambo moja tu: kama kampuni ya vitabu vya katuni ya Marvel ingeamua leo kuianzisha upya X-Men, kitabu cha kikosi cha mashujaa wenye nguvu za ajabu, kutoka toleo la 1, na sisi ndio tungeulizwa, tungemkabidhi nani? Hatukuafikiana, nami nimeona nilifikishe swali hili kwa wenye kumbukumbu ndefu kuliko zetu.

Kwa wale ambao hawakuifuatilia, kikosi hiki kilibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963, kikiwa na vijana watano waliofundishwa na Profesa Xavier: Cyclops, Jean Grey, Beast, Angel na Iceman. Mauzo hayakuwa mazuri, na mwaka 1970, baada ya toleo la 66, hadithi mpya zilikoma. Yaliyofuata yalikuwa marudio ya hadithi za zamani. Mwaka 1975 mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walikifufua kwa sura mpya kabisa, wakawaingiza Storm, mwanamke anayeamuru mvua na radi, Nightcrawler, Colossus na wengine, na hiyo ndiyo X-Men ambayo wengi wetu tunaijua. Tangu wakati huo imeanzishwa upya mara nyingi, mojawapo ikiwa ile ya mwaka 2024.

Barazani yalibaki majina matatu. Wawili walimtaka Chris Claremont, aliyeiandika X-Men kwa miaka 16, arudi. Wawili walimtaka Jonathan Hickman, aliyeipa mwanzo mpya mwaka 2019, aje amalizie alichokianza. Mimi na mwenzangu mmoja tulimtaka Murewa Ayodele, Mnigeria ambaye Oktoba 2024 alianza kuandika kitabu cha Storm peke yake, kikichorwa na Lucas Werneck. Sababu yangu ni hii: Storm ni binti wa mama Mkenya, amewahi kuishi katika mbuga za Serengeti, na kwa karibu miaka 50 waliomwandika wametoka karibu wote nje ya bara hili. Nataka kumsikia akiandikwa na Mwafrika, tena ndani ya kikosi, si pembeni katika kitabu chake pekee. Je, nakosea?


MZEE WA KARIAKOO

Kijana wangu wa Sinza, hukukosea kuuliza, ila mmelishika swali kwa upande wa majina, ilhali kilichoiokoa X-Men hakikuwa jina. Mwaka 1975, Wein alipomwachia Claremont kitabu, Claremont hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa kijana wa miaka 24 aliyekabidhiwa kitabu kilichokuwa kimeshazikwa, kinachotoka mara moja kila miezi miwili, na kwa kuwa hakuna aliyekitegemea, aliachwa afanye kazi yake. Alikaa nacho hadi mwaka 1991. Hiyo ni miaka 16. Mbegu aliyoipanda katika toleo moja aliweza kungoja iote, ichanue na izae kabla ya kuivuna: Jean Grey anazipata nguvu za Phoenix mwaka 1976, na nguvu hizohizo ndizo zinazomfikisha kwenye kifo mwaka 1980, na katikati hapo msomaji amekula naye, amecheka naye, amemwona akibadilika taratibu mpaka akaanza kuogopa.

Nasema haya kwa kuwa nilikuwepo, kwa namna ya hapa kwetu. Miaka ya 80 mjomba wangu alikuwa baharia, na kila meli yake ilipotia nanga bandarini alituletea katuni zilizofungwa kwa kamba ya katani, nyingine zikiwa zimevimba pembeni kwa maji ya chumvi. Hazikufuatana hata kidogo. Toleo la 137, ambalo Jean anakufa, nilipata kulisoma kabla sijaona hata moja la kabla yake, nami nililia bila kujua vizuri ninamlilia nani. Ilinichukua miaka kuyapata mengine, na kila nililolipata lilinionyesha kwamba kilio kile kilikuwa kimeandaliwa kwa subira.

Kuhusu kumrudisha Claremont, nampenda pengine kuliko ninyi nyote, na bado nasema hapana. Mwaka 1991 kitabu kipya cha X-Men alichokiandika pamoja na mchoraji Jim Lee kiliuza nakala zaidi ya milioni 8 za toleo la 1, na baada ya toleo la 3 tu alikuwa ameshaondoka. Mwaka 2000 akarudishwa, akapewa vitabu vyote viwili vikuu, na mwaka uliofuata akahamishiwa kitabu kingine. Mtu yule aliyefanya maajabu alipopewa muda, aliponyimwa muda hakuweza kuyarudia. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kalamu apewe yeyote mwenye uwezo, akiwemo huyo Ayodele wako, mradi ahakikishiwe miaka mitano bila kuondolewa na bila hadithi yake kukatizwa kila kiangazi na tukio la kampuni nzima, yaani hadithi moja inayoviunganisha vitabu vyake vingi. Bila sharti hilo mtabadilisha majina mpaka mchoke.


DADA WA UPANGA

Shikamoo mzee wetu wa Kariakoo. Nakuunga mkono katika habari ya muda, lakini nimesoma hoja zenu zote mbili na wachoraji mmewataja kwa kupita tu, kana kwamba kazi yao ni kupamba maneno ya mwandishi. Mimi nachora kwa kujipatia riziki, mabango na vitabu vya watoto, na naomba niwatetee.

Kikosi cha mwaka 1975 kilianzia kwenye daftari la Cockrum. Alikuwa ametoka kuchora kitabu cha kikosi kingine, Legion of Super-Heroes, na Nightcrawler, yule mwenye mkia na ngozi ya samawati, alikuwa ameshamfikiria kwa ajili ya kazi hiyo kabla hajamleta X-Men. John Byrne naye, aliyechora tangu mwaka 1977 hadi 1981, alikuwa akishiriki kutunga hadithi pamoja na Claremont, na ubishi wao ndio uliozaa kurasa bora za kitabu hiki. Halafu chukueni toleo la 186 la mwaka 1984, lililochorwa na Barry Windsor-Smith. Storm amepoteza nguvu zake. Sehemu kubwa ya toleo hilo ni watu wawili ndani ya nyumba: wanakula, wanazungumza, wanakaribiana, kisha anagundua kwamba mwenyeji wake ndiye aliyeiunda silaha iliyomnyang'anya mbingu. Mchoraji mwingine angekimbilia mapigano. Huyu amechora mabega, namna mtu anavyokaa baada ya kupoteza kitu asichoweza kukieleza kwa mwingine.

Sasa nirudi kwa Storm wa Msomaji wa Sinza, maana hapo nina la moyoni. Katika kitabu cha mwaka 1975 tunakutana naye Kenya, watu wanamwomba mvua naye anaileta. Nimeutazama ukurasa ule mara nyingi. Ni mzuri, lakini nchi ile haina mahali: ni majani, anga na watu wasio na majina. Mvua ya kwetu haiji hivyo. Kwanza upepo unageuka, vumbi linanyanyuka kutoka barabarani, kunguru wote wa mtaani wananyamaza kwa pamoja, wanawake wanatoka mbio kuanua nguo na kuinua mikeka ya dagaa, na harufu ya udongo inafika kabla ya tone la kwanza. Mtu aliyeziona dalili hizo angeweza kuchora kurasa nne za mvua inayokaribia, bila neno hata moja, na msomaji akajua kwamba mwanamke huyu anazisikia mwilini mwake.

Na jina lake! Anaitwa Ororo, na vitabu husema maana yake ni uzuri. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunasikia jambo jingine kabisa: godoro jororo, ngozi nyororo, sauti nyororo. Mwanamke anayeshika radi mkononi, mama yake akamwita kwa neno la ulaini. Katika matoleo niliyonayo hakuna aliyeligusa hilo, nami nikilifikiria naona hadithi nzima imelala pale ikingoja mtu.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mchoraji. Pepe Larraz, aliyechora House of X mwaka 2019, anajua kuipa nchi uhai. Apewe haki ya kutunga pamoja na mwandishi, kama Byrne, halafu ndipo tuulize mwandishi ni nani.


FUNDI WA TEMEKE

Nina machache kuhusu Hickman, maana wanaomtaka arudi hawajajibiwa. Mwaka 2019 aliandika House of X na Powers of X, matoleo 12 kwa jumla, akakichukua kisiwa cha Krakoa, ambacho mwaka 1975 kilikuwa zimwi la kupigwa, akakifanya taifa la mutanti wote, yaani watu waliozaliwa na nguvu za ajabu kama X-Men, lenye lugha na sheria zake. Sijawahi kusoma mwanzo mpya uliojaa mawazo kama ule. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2022 kazi yake pale ilikuwa imekwisha, na waliobaki waliendelea bila yeye hadi mwaka 2024. Mimi ni mjenzi, nami nimeziona nyumba za aina hiyo: fundi mkuu anaondoka ukuta umefika kwenye lenta, wanaokuja wanaezeka kwa akili yao, na mvua ya kwanza inaonyesha palipokosewa.

Nyote mmemsahau msimamizi. Claremont alikuwa na Louise Simonson, kisha Ann Nocenti, wahariri waliojua kumlinda na pia kumkatalia. Tafuteni mhariri kwanza.


MWALIMU WA MBAGALA

Ndugu yangu wa Sinza, naomba nikupinge kwa heshima, kwa kuwa nia yako naipenda ila hoja yako ina ufa. Unasema Storm ni Mwafrika, Ayodele ni Mwafrika, basi ampokee. Kutoka Nigeria hadi Serengeti kuna nchi ngapi, lugha ngapi, mvua za aina ngapi? Wengi wamemwandika Storm kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja. Hata Serengeti, ambayo hifadhi yake iko kwetu Tanzania, mara nyingi hutajwa katika habari zake kana kwamba ni ya Kenya tu. Tukimchagua mwandishi kwa bara, tutakuwa tumelirudia kosa lilelile kwa nia njema. Ayodele achaguliwe kwa sababu anaandika vizuri, na kwa maoni yangu anaandika vizuri sana, hasa anapomwonyesha Storm akiwa mpweke katikati ya watu wanaomwabudu.

Hata hivyo kuna jambo la pili. Kitabu cha shujaa mmoja na kitabu cha kikosi ni kazi mbili tofauti. Katika toleo la 201, mwaka 1986, Storm akiwa bado hana nguvu anapambana na Cyclops kugombea uongozi, na anashinda. Uzito wa ukurasa ule hautokani na Storm peke yake. Unamjua Cyclops, unajua ana mtoto mchanga nyumbani, unajua moyo wake umegawanyika, na unajua kwamba wengine wote wanatazama. Hiyo ndiyo kazi ya kikosi: kila tendo la mmoja liwaumize au liwaponye wengine. Ndiyo maana mimi nampendekeza Gail Simone. Alipoviandika vikosi vingine, Birds of Prey na Secret Six, aliwachukua watu wasioaminiana akawafanya familia, na tangu mwaka 2024 amefanya hivyo katika Uncanny X-Men, akimweka Rogue mbele ya kundi dogo huko New Orleans. Kundi lenyewe ni dogo, na kila mmoja anapata nafasi ya kusema.


MSOMAJI WA SINZA

Marahaba kwa wote, na mwalimu wangu wa Mbagala, nimekubali kwamba nililitumia bara kama hoja wakati lilipaswa kuwa mwanzo wa swali tu. Nimekubali pia kwamba sijamwona Ayodele akiwaongoza watu wanane katika chumba kimoja cha mazungumzo, ambacho ndicho kipimo.

Lakini simwondoi. Waandishi wazoefu, Simone akiwa mmojawapo, wameshatuonyesha wanavyoijenga familia. Mwaka 1975 kitabu kilipewa kijana ambaye hakuwa amethibitishwa, na mzee wa Kariakoo ametukumbusha kwamba ujana ule, pamoja na muda, ndio uliotupa miaka 16. Kwa hiyo nabadilisha ombi langu hivi: Ayodele awe mwandishi, Larraz awe mtunzi mwenza kama alivyodai dada wa Upanga, mhariri awe mmoja asiyebadilishwa njiani, na muda uwe miaka mitano. Toleo la 1 lianze na zile kurasa nne za mvua. Nimezisoma hapa kwa maneno tu na tayari nazitaka.

Dada wa Upanga, kama utakuwa na nafasi, zichore hata kwa penseli. Jumamosi tunakutana tena palepale Kijitonyama baada ya alasiri, na wale wawili wa Claremont na wale wawili wa Hickman nataka wazione kabla hawajafungua mdomo.


MZEE WA KARIAKOO

Nitakuja, inshallah. Nitaleta toleo la 198, lile ambalo Windsor-Smith anamrudisha Storm Afrika Mashariki kwa miguu. Jalada lake limechanika na ukurasa wa mwisho nimeubandika kwa gundi ya karatasi, kwa hiyo lisomewe mezani, lisipitishwe mkono kwa mkono.


DADA WA UPANGA

Kurasa mbili zitakuwa tayari ifikapo Ijumaa. Ya kwanza nimeianza usiku huu: ni uwanja wa nyuma ya nyumba, mkeka umekunjwa nusu, na mwanamke aliyeinamia dagaa ameinua kichwa.