Nyie mafundi mnaokaza bolti za bushi gari likiwa juu ya stendi, nani aliwafundisha?

Wakuu poleni na majukumu. Leo nimekuja kulia na mafundi wa miguu ya gari, hasa nyie mnaojiita wataalamu wa Benzi za zamani, maana mmenichosha.

Nina Mercedes W123. Bushi (zile raba za kwenye maungio) za lowa am, yaani mkono wa chini unaoshika gurudumu, za mbele zilikuwa zimekufa kabisa, ukikanyaga breki usukani unavuta upande, ukipita kwenye kituta unasikia kok kok chini ya miguu, tairi zinaliwa kwa ndani mpaka waya unachungulia. Hapo sina ubishi, raba ya miaka 40 lazima ife. Nikanunua bushi mpya za raba, za maana, siyo zile zinazokuja kwenye kifuko cha nailoni hazina hata jina, nikampelekea fundi ambaye kila mtu aliniambia huyo ndo mwenyewe. Akafanya kazi, nikalipa yote bila hata kuomba apunguze. Haujapita muda zimechanika. Mpya kabisa! Kok kok imerudi pale pale.

Namrudia ananijibu jibu mnalolijua wote, "mzee hizi gari za zamani ndo zilivyo, halafu siku hizi spea zote feki". Kila kitu spea feki, ufundi wenu haujawahi kuwa feki hata siku moja eti.

Sasa sikieni alichofanya, maana nilikuwa nimesimama pale pale naona na nikamwambia, akanijibu kwamba kazi hii alianza mimi bado nasoma. Gari lipo juu ya stendi, miguu inaning'inia, amemaliza kupachika bushi, anachukua spana anaiongezea bomba refu apate nguvu, anakaza bolti za lowa am mpaka mwisho wa uwezo wake, halafu NDO anashusha gari. Hapo bushi imeshakufa hata barabara haijaiona.

Bushi ya raba haizunguki kama beringi jamani. Katikati ina bomba la chuma, ukikaza nati lile bomba linabanwa pale lilipofungwa halisogei tena, kwa hiyo am ikipanda au ikishuka kinachojipinda ni raba yenyewe. Ukikaza mguu ukiwa unaning'inia maana yake raba imetulia huko chini. Ukishusha gari am inapanda, raba inajipinda, na inabaki imejipinda hivyo hivyo usiku kucha gari limepaki halina hata mtu ndani, ukija kuingia kwenye shimo inapindwa tena juu ya ule mpindo iliokuwa nao. Itadumu vipi? Ndo maana siku ya kwanza gari lilikaa juu kidogo mbele, na jamaa akajisifu kabisa, "umeona lilivyonyanyuka, springi zako bado nzuri". Springi gani wewe, hiyo ni raba inateseka!

Na kinachoniuma zaidi dawa yake haihitaji mashine wala hela. Pachika bolti, nati ziweke kwa mkono tu, rudisha tairi, shusha gari likae na uzito wake wote, lisukume mbele na nyuma, likandamize kandamize pale mbele likae sawa, halafu ingia shimoni ukaze. Huna shimo? Kabla hujafungua chochote pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda, andika kwa chaki hata ukutani, ukimaliza nyanyua am kwa jeki mpaka kipimo kirudi kilekile, kaza hapo. Basi. Mercedes wenyewe wanataka hizo bolti zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, tayari kutembea, na msiniambie W123 ni gari geni, ilitoka 1976 na yametengenezwa karibu milioni 2.7, ni kati ya magari yaliyoshikwa na mafundi wengi kuliko yote na bado mnabahatisha.

Sijamaliza. Bolti zenyewe za chini zina ekisentriki, yaani kichwa kisicho katikati, ukizizungusha kemba na kasta (jinsi gurudumu na mhimili wake wa kukata kona vinavyolala) zinahama. Kwa hiyo unaweka alama KABLA ya kufungua, na hata ukiweka alama bado gari linaenda alaimenti, kupimwa na kunyooshwa magurudumu. Yeye hakuweka alama yoyote, alichuchumaa mbele ya gari akafumba jicho moja akasema imenyooka. Imenyooka kwa kipimo cha jicho!

Zile za zamani kazitoa kwa tochi ya gesi, moshi mweusi gereji nzima watu wanakohoa, mabaki akayachokonoa kwa patasi na nyundo mpaka ndani ya tundu la am kumejaa mikwaruzo. Presi, mashine ya kusukuma bushi kutoka na kuingia, ipo kwenye kona hapo hapo, imewekewa ndoo juu. Wakati wa kuingiza mpya, raba ikiwa ngumu kuingia inatelezeshwa kwa maji ya sabuni tu, yanakauka yanaisha, yeye kapaka grisi ileile ya beringi, na mwisho kabisa akaosha kila kitu kwa dizeli ili ving'ae machoni pangu. Grisi ya kawaida na dizeli vyote vinatokana na mafuta ghafi, raba asilia ikivinyonya inavimba inalainika inakosa nguvu. Kwa hiyo bushi zangu zimepindwa, zimewekwa kwenye tundu lenye mikwaruzo na zimenyweshwa mafuta, halafu feki ni spea.

Haki yake nampa kwenye kitu kimoja, springi alizitoa kwa kibanio chake, hakutumia jeki na maombi kama wengine. Ile ikichomoka inaua mtu.

Nimemwambia arudie kazi bushi nanunua mimi, yeye atoe ufundi tu. Hataki. Anasema nilipe upya kwa sababu "kazi ni ileile". Sasa kama kazi ni ileile si utakaza tena hewani?

NYONGEZA: wanaoniambia niweke za poly (plastiki ngumu ya poliurethani), nimewasikia. Poly yenyewe inazunguka juu ya bomba lake kwa hiyo ukaze hewani usikaze haiumii kivile, ila ni ngumu, mtikisiko wote unaupata kwenye kiti, na inataka grisi ya silikoni, ikikauka inalia kila tuta. Mimi Benzi nilinunua kwa ajili ya ulaini, narudi kwenye raba.

Na wewe uliyenifuata inbox na bushi orijino za miaka ya 1980 hazijatoka kwenye boksi, asante mkuu, raba inazeeka hata ikiwa kabatini. Baki nazo.