Bango la onyo la sigara za kielektroniki hapa Tabora: limeandikwa kwa ajili ya nani?

Wanajamvi, salaam.

Nimefundisha biolojia hapa Manispaa ya Tabora kwa miaka 14, na si kawaida yangu kufungua uzi nikiwa na hasira, lakini leo mtaniwia radhi. Wiki iliyopita walikuja wageni kutoka shirika moja ambalo sitalitaja, wakatubandikia kwenye ubao wa matangazo bango la kuonya kuhusu sigara za kielektroniki, wakapiga picha na mkuu wa shule, wakaondoka. Bango hilohilo nimelikuta stendi, na hilohilo nimelikuta kliniki ya wajawazito. Linaonyesha mzee mwenye mvi aliyejishika kifua, na chini yake yameandikwa maneno haya: "Mvuke una madhara sawa na sigara. Nikotini hulevya."

Nianze na neno mvuke, kwa kuwa ndilo lililonikera kuliko yote. Mkoa huu unalima tumbaku ya mvuke, yaani ile inayokaushwa kwenye mabani kwa joto linalopita ndani ya mabomba bila moshi kuligusa jani, na mtoto wa Urambo au Kaliua akikuta mvuke na sigara katika sentensi moja anawaza msimu wa masoko na ada yake ya shule, hawazi mapafu. Isitoshe, sote tunakumbuka mwaka 2020 tulivyojifunika mashuka juu ya sufuria za majani yanayochemka, tukihimizwa kwamba kujifukiza ni kinga. Leo watu walewale wanaambiwa mvuke ni hatari, bila neno hata moja la kueleza kwamba kinachotoka kwenye sigara ya kielektroniki si mvuke wa maji. Ni matone madogo mno ya gliserini na propilini glikoli yaliyopashwa moto na waya, ambayo hubeba nikotini na viungo vya ladha, na mara nyingine chembe za nikeli na risasi zinazobanduka kwenye waya wenyewe.

Neno hulevya nalo limezua vichekesho. Kijana wa kidato cha tatu aliniuliza, kwa adabu zote, mbona yeye amejaribu na hakulewa. Mwandishi alikusudia kusema uraibu, lakini kwa Kiswahili cha mtaani kinacholevya ni pombe na bangi. Mtu asipoyumba anajiona yuko salama. Ingeandikwa tu kwamba utashindwa kuacha, asingeuliza mtu.

Kijana huyo nilimnyang'anya kifaa chake. Kina rangi ya waridi, ukubwa wake ni kama kalamu nene ya kuwekea alama vitabuni, kinanukia embe bivu, na ubavuni kimeandikwa 5%. Nilipomuuliza kama anajua maana yake, akanijibu: "Mwalimu, asilimia tano si kitu, hata kwenye mtihani ukipata tano umefeli." Darasa likaangua kicheko. Ikabidi niwaandikie ubaoni kwamba hiyo ni takribani miligramu 50 za nikotini katika kila mililita ya kimiminika, wakati Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya miligramu 20, na kwamba ubongo wao unaendelea kujengeka hadi karibu miaka 25, kwa hiyo wao hunasa upesi kuliko baba zao. Kicheko kikapungua. Hesabu hiyo ndiyo ingefaa kuwekwa kwenye bango la shule. Babu mwenye mvi hawahusu, na walinieleza hivyo wenyewe.

Sasa mtazameni mlinzi wetu, mtu mzima, mvutaji wa sigara wa zaidi ya miaka 20. Alisimama, akalisoma bango polepole, akaniambia: "Mwalimu, kama ni sawa, mimi nabaki na yangu niliyoizoea." Na kwa mantiki ya bango lile hakukosea. Ukweli ni kwamba vifaa hivi si salama, na madhara yake ya miaka mingi hayajafahamika yote, lakini kwa mvutaji wa siku zote aliyeiacha kabisa sigara ya kuwashwa, sumu anazovuta hupungua. Uingereza mwaka 2023 ilitangaza kuwapa wavutaji milioni 1 vifaa hivi ili waachane na sigara. Tarehe 1 Juni 2025 nchi hiyohiyo ikapiga marufuku vile vya kutumia na kutupa, ambavyo watoto walikuwa wakivigombania. Waingereza waliongea na mvutaji mtu mzima kivyake na mtoto kivyake. Sisi tumewabandikia wote sentensi moja, ikamfukuza mlinzi na kuwachekesha wanafunzi.

Kule kliniki ndiko nilikokasirika zaidi. Mama mjamzito anahitaji kuambiwa kwamba nikotini humfikia mtoto tumboni, na kwamba kichupa cha kimiminika cha kujazia kifaa kikiachwa mezani, mtoto anayetambaa akakinywa, anaweza kufa. Mzee aliyejishika kifua anamsaidia nini?

Jambo linaloniuma ni kwamba Tabora ndipo mahali ambapo onyo la nikotini lingekuwa rahisi kuliko kwingine kokote. Aliyewahi kuchuma tumbaku asubuhi majani yakiwa na umande anajua kizunguzungu na kutapika kunakofuata, kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi. Mwambie mtoto wa mkulima: kile kilichokutapisha shambani ndicho kilichomo humu, wamekitia harufu ya embe. Ataelewa kabla hujamaliza kusema.

Niliwauliza wale wageni kama walilijaribu bango lao hata kwa watu kumi kabla ya kulichapisha. Nikajibiwa kwamba "limeshapitishwa". Limepitishwa na nani, kwa kumsomea nani? Ninataka walibandue, warudi na daftari, wakae na wanafunzi, na wavutaji, na kina mama, kila kundi siku yake, wawaulize wameelewa nini.

Hadi naandika haya, bango bado liko ubaoni. Jana nimekuta mtu amemchorea yule mzee miwani ya jua na kalamu ya waridi mdomoni, na kusema kweli amependeza.