Nihamishie steshenari kwenye programu huria? Data za wateja zinalindwaje hasa?

MzeeWaFotokopi (Morogoro)

Wakuu habari za jioni. Nina steshenari ndogo jirani na chuo, na kazi zangu nyingi ni makaratasi ya watu: kuskani kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, fomu za mkopo wa HESLB, maombi ya Ajira Portal, mwingine anakuachia na pasiwedi yake kabisa umjazie. Vyote vinabaki kwenye mashine mpaka nipate nafasi ya kufuta. Kompyuta zote zina Windows 10 aliyoniwekea fundi, ya kukraki, na Microsoft walishaacha kuihudumia tangu Oktoba 14, 2025, na hizi mashine zangu Windows 11 inazikataa.

Sasa kuna kijana kanishauri niweke Linux badala ya Windows, anasema ni programu huria, msimbo wake uko wazi, yeyote anausoma, ndo maana faragha inakuwa salama. Hapo ndo ananipoteza. Kama kila mtu anaona ndani si hata mwizi anaona pa kupitia? Alafu mimi msimbo siujui hata mstari mmoja, kuwekwa kwake wazi kunanisaidia nini mimi na mteja wangu?

Kwembe_IT

Mkuu kwanza tutenganishe. Kilicho wazi ni maelekezo yanayoiendesha programu, sio mafaili ya wateja wako. NIDA ya mtu iliyoko kwenye diski yako inabaki kwenye diski yako.

Faida iko hapa: kampuni ikikwambia "tunalinda data zako" utajuaje? Chukua Onavo. Facebook waliinunua 2013, ilikuwa VPN ya bure (programu inayopitisha intaneti yako yote kwenye seva zao), inajitangaza kwamba inakulinda, watu wakaipakua kwa mamilioni, kumbe huku nyuma inarekodi unatumia aplikesheni zipi na kwa kiasi gani na kuwapelekea Facebook, na ni takwimu hizo ziliwaonyesha jinsi WhatsApp inavyokua kabla hawajainunua 2014. 2018 Facebook wakaitoa kwenye duka la Apple baada ya Apple kusema inavunja kanuni zao, 2019 ikafungwa kabisa, na 2023 mahakama ya Australia ikapiga kampuni tanzu za Meta (ndo Facebook wenyewe kwa jina jipya) faini ya dola milioni 20 za kule. Piga hesabu hiyo miaka yote, mtu ameweka kitu kwenye simu yake ili kimlinde na hana ruhusa ya kukifungua aone kinafanya nini! Ingekuwa huria, mtu yeyote mwenye ujuzi angeiona ile sehemu inayokusanya na kutuma, na angetuambia sisi wengine.

Ndo jibu la swali lako la pili. Huhitaji kusoma msimbo wewe. Inatosha wawepo wasomaji ambao hawalipwi na mwenye programu na wala hawahitaji kumuomba ruhusa.

Na hiyo ya kukraki naomba uiogope kweli kweli. Fundi alizima antivairasi kwanza, sivyo? Akaendesha kitu alichokitoa mtandaoni, akakipa ruhusa zote za mashine, na hakuna anayejua kimeandikwa na nani. Sisemi lazima kina mdudu, ila vitambulisho vya watu vinapita hapo kila siku.

Mpemba_wa_Seva

Kwembe nakuunga mkono lakini tusimuache mwenzetu aamini kwamba ikishakuwa huria basi imekuwa salama. Heartbleed mnaikumbuka? Kosa lilikaa ndani ya OpenSSL, programu huria inayofunga mawasiliano ya tovuti, miaka miwili hadi 2014, msimbo uko wazi muda wote huo, na nusu ya dunia inaitegemea, ila waliokuwa wanaitunza ni wachache mno na hela hawana.

Halafu ile ya xz, programu huria ya kubana mafaili iliyomo kwenye Linux nyingi, mwaka 2024 ndo ilinitisha mimi ninayelala na seva za watu. Mtu anajiita Jia Tan, alianza kwa kujitolea kusaidia, akaaminika pole pole kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akapenyeza mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH, yaani ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida akaamua kufuatilia. Nusu sekunde tu. Kwa hiyo swali la mzee kuhusu mwizi ni swali halali, mwizi anasoma pia.

Kwembe_IT

Kweli tupu, na wanaotunza hivi vitu wanastahili kulipwa, hilo nalisema kila nikipata nafasi. Ila angalia Freund alifanya nini. xz sio yake wala ya kampuni yake, hakuna aliyemtuma, alifungua akaangalia, Machi 29 akaweka kila kitu hadharani na wenye Linux mbalimbali wakarudisha matoleo ya zamani haraka. Kwenye programu iliyofungwa angeishia kulalamika kwamba mashine ni nzito.

pwani_dev (Mombasa)

Salamu kutoka huku. Mimi ningewaambia muangalie na simu manake huko ndiko watu wanaumia. Dadangu alikopa kwa aplikesheni moja ya mikopo, pesa kidogo tu ya kuongezea biashara, kuchelewa kulipa wakaanza kupigia watu walio kwa simu yake, mpaka mwalimu wa mtoto. Aliaibika vibaya sana. Ile kitu ilikuwa imenyonya nambari zote mapema na yeye hata hakujua. Hapa Kenya kamishna wa data alitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi milioni 5 mwaka 2023 kwa mambo kama hayo, na Google wakakataza aplikesheni za mikopo kugusa kontakti na picha kuanzia Mei 31 mwaka huo huo. Nashukuru, lakini ulinzi ulikuja watu wameshaumia, na ulitegemea wakubwa waamue.

Linganisha na Signal, aplikesheni huria ya meseji. 2016 huko Virginia, Marekani, walipelekewa amri ya mahakama watoe data za mtumiaji, na walichokuwa nacho cha kutoa ni siku akaunti ilifunguliwa na mara ya mwisho kuunganishwa, basi. Hawakuwa wanakataa, hawana, na msimbo ukiusoma unaona kwa nini hawana. Na wao pia hawaachiwi hivi hivi, kati ya 2020 na 2021 walikaa karibu mwaka mzima bila kuweka msimbo mpya wa seva, watu wakalalamika wazi wazi mpaka wakauweka. WhatsApp inafunga meseji kwa njia ile ile ya Signal tangu 2016, hiyo ni kweli na ni jambo zuri, lakini nani anaongea na nani na saa ngapi Meta bado wanaona.

MzeeWaFotokopi

Nimewaelewa sana, asanteni. Yamebaki mawili. Nitajuaje kwamba programu niliyopakua ndo imetoka kwenye ule msimbo waliouonyesha watu, na sio kingine? Na la pili, kadi za harusi na ratiba za misiba zote nafanyia Publisher, nina mafaili ya miaka mingi humo, nikihama si ndo nimeyapoteza?

binti_wa_Mlimani

Shikamoo mzee. La kwanza umeuliza pale penyewe. Kuna programu zinazotengenezwa kwa namna kwamba mtu mwingine akichukua msimbo ule ule akaugeuza mwenyewe kuwa programu anapata faili lile lile, hivyo watu wanalinganisha, na Signal ya Android ni mojawapo. F-Droid, lile duka la aplikesheni huria za Android, wao kwa kawaida wanachukua msimbo na kuugeuza kuwa programu wenyewe, na kama aplikesheni inafuatilia watu au inategemea huduma iliyofungwa wanakuandikia onyo hapo hapo kabla hujapakua. Kwa Linux pakua kwenye tovuti ya wenyewe, sio kwenye fleshi ya mtu.

Publisher sasa. Microsoft wenyewe wametangaza inafika mwisho Oktoba 2026, kwa hiyo tatizo lako linakuja uhame usihame. Hapa ndo inaniuma, kazi ni yako, umeihangaikia mwenyewe, ila kuifungua unategemea kampuni moja iamue. LibreOffice Draw, programu ya kuchorea iliyomo kwenye LibreOffice ya huria, inafungua mafaili ya Publisher, mpangilio unaweza kuyumba kidogo, fonti hasa, kwa hiyo anza kuyafungua sasa hivi yale unayoyatumia sana na uyahifadhi upya. Na jua kwamba mtangulizi wake, OpenOffice, iliwahi kuwekwa Kiswahili na watu wa hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, wakaiita Jambo OpenOffice, na hawakuhitaji ruhusa ya mtu kwa sababu leseni inaruhusu.

Usifute Windows leo. Weka Linux Mint kwenye fleshi, washa kompyuta kutokea humo bila kusakinisha chochote, ujaribu printa na skana zako zote, maana baadhi zinasumbua. Zikikubali, hamisha mashine moja kwanza, ile ya kuskani, na wakati wa kusakinisha weka alama pale wanapouliza kufunga diski yote kwa pasiwedi. Na lile folda la skani lifute kila jioni mzee, hilo Linux haitakufanyia.