Bima ya kulazwa: niweke nyongeza au nibaki na ya msingi?

Mama Wawili
Wakuu, habari za wakati huu. Naombeni ushauri, wakala anasubiri jibu langu.

Nina bima ya kulazwa. Ile ya msingi inanitaka nilipe mwenyewe 50,000 za mwanzo kila mwaka, na kwenye kinachobaki nachangia asilimia 10. Sasa nashawishiwa kuweka nyongeza (wengine mnaiita raida): zile 50,000 za mwanzo zinafutika, nachangia asilimia 5 tu ya bili, na mchango wangu hauvuki 60,000 kwa mwaka. Ada inapanda kwa 12,000 kwa mwaka. Akiba ya dharura ninayo, ila si ya kutisha. Nilipe au hiyo 12,000 niitunze mwenyewe?

Fundi Hesabu
Piga hesabu kwa bili tatu, usipige kwa moja.

Bili ya 80,000: bila nyongeza unatoa 53,000, ukiwa nayo 4,000. Bili ya 1,000,000: bila nyongeza 145,000, ukiwa nayo 50,000. Bili ya 5,000,000: bila nyongeza 545,000, ukiwa nayo 60,000 basi.

Wakala atakuonyesha ile ya kwanza kwa sababu inavutia. Mimi nakuomba uitazame ya tatu. 53,000 utaungaunga na utalipa. 545,000 ndiyo inayouza kiwanja. Ukomo wa mchango ndio unaoununua hapo, mengine ni ziada.

Kobe Mpole
Nakubaliana na Fundi kuhusu ukomo, lakini sikubaliani na kuilipia ile 50,000 ya mwanzo. Miaka mitano bila kulazwa umeshatoa 60,000 kwa kampuni. Tena ada ya nyongeza haikai palepale, inapanda kadiri umri unavyosogea, na uzeeni inaweza kuuma kuliko bima yenyewe. Omba jedwali la ada kwa umri mpaka miaka 75 kabla hujasaini. Na uliza kama wana nyongeza inayoweka ukomo tu, huku 50,000 ukibaki nayo wewe. Mara nyingi huwa nafuu.

Msomaji wa Usiku
Kuna sababu ada hizo zinapaa. Utafiti wa RAND, taasisi ya utafiti kule Marekani, ulioanza miaka ya 1970, uliona kwamba waliotibiwa bure walitumia huduma nyingi kuliko waliochangia. Singapore nao walikuwa na nyongeza zilizofuta gharama yote, mgonjwa hatoi hata senti. Mwaka 2018 serikali ikatangaza kwamba nyongeza mpya lazima zimwachie mgonjwa walau asilimia 5. Kwa hiyo mtu akikuahidi "hutalipa chochote", muulize ada itakuwaje miaka kumi ijayo.

Dirisha la Bima
Nafanya kazi upande wa madai, naomba niongeze linalotusumbua kila siku. Nyongeza haifungui kilichofungwa na bima ya msingi. Mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani, anakuja dirishani na karatasi yake, anakuta mistari imekatwa: glovu, baadhi ya vifaa vya upasuaji, dawa za kwenda nazo nyumbani. Analalamika kwamba nyongeza anayo. Ni kweli anayo, ila vitu hivyo havikuwa kwenye mkataba tangu mwanzo, na ile asilimia 5 inahesabiwa kwenye kinachokubalika tu.

Mama, soma vipengele hivi: tibakemikali (dawa za saratani) ya kuja asubuhi na kurudi jioni inahesabiwa kama kulazwa? Ukomo wa 60,000 unafanya kazi hospitali yoyote, au zile tu walizoingia nazo mkataba? Kibali cha kabla ya kulazwa usipokiomba, ukomo unabaki? Hilo la tatu limewaumiza wengi mno.

Mama Wawili
Asanteni sana. Kobe, nitaomba jedwali na hiyo ya ukomo peke yake. Swali moja: nikisubiri mwaka mmoja hivi nijipange, kuna hasara? Juzi nilipimwa presha, daktari akasema iko juu kidogo, turudie kupima.

Dirisha la Bima
Hasara ipo. Kuweka nyongeza baadaye ni kuomba upya: unajaza tena fomu ya afya, na wanaweza kukataa, kupandisha ada au kuuacha nje ugonjwa uliokwishajulikana. Kuitoa ni rahisi, kuirudisha ndiyo kazi.

Hiyo presha iandike kwenye fomu, hata kama daktari hajatoa jina la ugonjwa. Wakala akikuambia "hiyo iache", usimsikilize, maana siku ya dai kampuni inaomba faili lako hospitalini na itaiona. Rudia kipimo, upate ripoti ya daktari, iambatanishe. Na uliza nyongeza ina kipindi chake cha kusubiri, yaani muda wa mwanzo ambao bado hawalipi madai, au inafuata cha bima ya msingi. Wakujibu kwa maandishi.